Kabureta tatu mpya, breki mbovu!

Wapenzi wa safu hii mliozoea mambo ya mitindo na miondoko mtanisamehe wiki hii. Kijiweni kwetu kumewaka moto, na chanzo siyo mpira wala mapenzi. Ni kabureta.

Kuna brazameni mmoja mtaani amerithi Datsun 240Z ya marehemu baba yake. Wazee wanalijua hilo dude. Lilichukua Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller, likarudia 1973 na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews, ile mara Mehta alipolingana pointi na Harry Källström, naye ndani ya Datsun nyingine. Boneti refu, milango miwili, silinda sita. Ukipita nalo hata trafiki anasahau filimbi.

Tatizo ni kwamba gari lilisimama miaka mingi. Linawaka, ila ukikanyaga mafuta ghafla linajikwaa kama mlevi aliyekosa ngazi. Muuza spea mmoja akamwambia: ng'oa hayo makopo mawili ya kizee, funga Weber tatu, utaruka. Brazameni ana hela ya jambo moja tu. Na breki zake, jamani, mpaka upampu mara tatu ndo zishike.

Hapo ndipo nilipoingilia. Bei ya Weber tatu halisi pamoja na manifoldi yake unapata bodaboda mpya na chenji inabaki. Mtu akishauri utoe hela kama hiyo, muulize kwanza kitu kinachotolewa kina ubaya gani.

Kabureta za kiwandani za 240Z ni mbili, zimetengenezwa na Hitachi kwa mtindo wa SU ya Kiingereza. Ndani kuna pistoni inayopanda na kushuka yenyewe kufuatana na injini inavyovuta hewa. Chini ya pistoni imening'inia sindano iliyochongoka, imezama kwenye tundu la mafuta. Pistoni ikipanda, sindano inachomoka, mafuta yanaongezeka. Basi. Injini inajipimia yenyewe, ndiyo maana gari linavuta kilaini hata ukiwa kwenye foleni ya Morocco gia ya tatu.

Sasa sikilizeni siri. Juu ya kila kabureta kuna kifuniko kidogo unachokifungua kwa vidole, na ndani yake panakaa oili nyepesi. Kazi yake ni kuizuia pistoni isirukie juu ghafla. Oili ikiisha, ukikanyaga, pistoni inapaa, hewa inakuwa nyingi kuliko mafuta, gari linajikwaa. Tukafungua za brazameni. Moja ilikuwa kavu kama mfuko wangu tarehe 20! Tukajaza. Kujikwaa kukapungua nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa shafti ya kilango cha hewa iliyolika, inayovutia hewa ya wizi pembeni. Fundi wa kuchonga vyuma akaiwekea bushi mpya. Mwisho tukazilinganisha kabureta zote mbili kwa kipande cha mpira: unaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, kisha unarekebisha mpaka mlio wa "ssss" ufanane pande zote. Hela iliyobaki ikaenda kwenye masta silinda na mipira ya breki. Muuza spea siku hizi hanisalimii.

Sisemi Weber ni mbaya. Ni tamu, tena sana. Kila moja ya aina ya DCOE ina midomo miwili, kwa hiyo tatu zinakupa midomo sita, kila silinda na wake, na njia ya hewa fupi na iliyonyooka. Ina pampu inayorusha mafuta papo hapo ukikanyaga. Mlio wake ukisikika Kawe, watu wa Mwenge wanageuka. Mikuni wa Japani naye alizitengeneza za mtindo huohuo kwa leseni ya Solex, nazo ni moto.

Lakini kabureta haiumbi nguvu, inalisha injini iliyo na njaa. Kama kamshafti ni ya kiwandani, kichwa cha injini hakijaguswa na egzosti ni ileile, hiyo njaa itoke wapi? Utaongeza kelele kuliko mwendo. Magari ya timu za rali yalifanyiwa kazi ndani ya injini, siyo kubadilishwa kabureta tu. Nissan wenyewe walijua hilo. Walikuwa na Fairlady Z432 iliyofungwa kabureta tatu tangu kiwandani, na jina lake linajieleza: valvu 4 kwa kila silinda, kabureta 3, kamshafti 2. Injini ilikuja na tumbo, ndipo ikapewa midomo.

Halafu kuna jeti. Weber haina sindano ya kujipimia. Ina jeti ya mafuta, ya hewa, ya silensa na mrija wa kuchanganyia, vyote kwa kila mdomo. Ukikosea saizi moja, unanunua sita. Ukiipatia vizuri Dar halafu ukapanda Nairobi, kama mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja kati ya sita; plagi zinakuwa nyeusi tii. Hitachi nazo zitazidisha mafuta huko, ila kuna nati chini yake unaizungusha kwa vidole, unaendelea na safari.

Kama injini yako imeshafanyiwa kazi na unaye fundi mwenye boksi la jeti, funga Weber, nitakuja kusikiliza. Epuka tu feki, zimejaa mjini. Na zile za zamani usimpe mtu wa vyuma chakavu. 240Z zilizouzwa Marekani mwaka 1973 zilitoka na kabureta nyingine, bapa kwa juu, za kupunguza moshi, na wenyewe hawakuzipenda kabisa. Mpaka leo wapo wanaotafuta hizi za mviringo za miaka ya mwanzo, tena kwa hela nzuri.