"Mita 12" Si Urefu wa Mashua

Mwanafunzi wangu mmoja alitafsiri makala kuhusu mashua za mashindano za Newport, Marekani, akaandika kwamba zina urefu wa mita 12. Sikumlaumu sana, kwani jina lenyewe linapotosha. Mashua ya daraja la mita 12 ina urefu wa karibu mita 20. Hiyo 12 ni jibu la hesabu: urefu na vipimo vingine hujumlishwa na kipeuo cha pili cha eneo la matanga, kimo cha ubavu juu ya maji hutolewa, kisha hugawanywa kwa 2.37. Mbunifu akirefusha mashua, sharti apunguze tanga. Mkuku wake mzito wa risasi huiwezesha kubisha (neno letu la pwani hilo, tusilisahau) bila kupinduka.

Weatherly, iliyosanifiwa na Philip Rhodes na kuundwa kwa mbao mwaka 1958, haikuchaguliwa mwaka huo kutetea Kombe la America. Ilirudi mwaka 1962 ikaishinda Gretel ya Australia. Baadaye ikawa ya kutembeza abiria huko huko Newport. Hukaa sitahani, na wakipenda husaidia kuvuta kamba.

Tena, "America" hapo ni jina la merikebu iliyoshinda mbio Uingereza mwaka 1851. "Kombe la Marekani" ni kosa, nami nimelikuta hata katika kazi za wahitimu.