Una Faili ya GB 60 na Mashine Mbili kwa Keja? Soma Hii Kabla Umalize Data

Tuseme beste yako alipiga video ya ruracio Jumamosi na wewe ndio wa kuediti. Video zote ziko kwa lapi yake, GB 60. Mashine yako iko kwa meza ile ingine, mita mbili hivi kutoka hapo. Familia ya dame inataka kuona kitu Jumatano. Sasa niambie, hizo GB 60 zitavuka aje hizo mita mbili?

Wasee wengi watafanya moja kati ya mbili. Wa kwanza atapakia kwa Google Drive. Wa pili ataenda kuomba flashi kwa jirani. Zote mbili zinaweza kukupotezea siku, na hiyo ya flashi inaweza kukupotezea hata hiyo video yenyewe. Na ruracio si kitu utaambia watu warudi Jumamosi ijayo mrekodi tena.

Tuanze na Drive. Ile space ya bure ni GB 15, na hapo ndani kuna email zako na picha zako zote. Hata ukilipia space zaidi, bado kuna hesabu. Kampuni za net zinauzanga spidi kwa megabiti, lakini mashine inahesabu faili kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo hiyo net yako ya Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde, hiyo ni siku iko na mood poa. Gawanya GB 60 hapo: masaa 13 na dakika 20 za kupakia tu. Halafu mashine ya pili inaanza kushusha, masaa mengine 13. Faili imepanda hadi kwa server za Google na kurudi, ndio ihame meza. Kama unatumia bundle za simu, hiyo hesabu hata usianze, utalia.

Flashi nayo iko na mitego miwili. Wa kwanza unaujua hata kama hujui jina yake: unakopi faili kubwa, flashi ni ya GB 64 na iko tupu kabisa, lakini Windows inakataa ikisema faili ni kubwa sana. Si uchawi. Flashi nyingi zinatoka dukani zikiwa zimefomatiwa kwa mtindo wa zamani unaitwa FAT32, na FAT32 haibebi faili moja ikifika GB 4. (Ndio maana kamera nyingi za kitambo zilikuwa zinakata video vipande vipande kila GB 4 ikigonga.) Dawa ni kufomati hiyo flashi upya kuwa exFAT, ambayo inasoma kwa Windows na kwa Mac. Kufomati kunafuta kila kitu, so hamisha kwanza series za watu.

Mtego wa pili ndio unaniuma. Umeona zile flashi za "2TB" zinauzwa bei ya lunch? Ni feki. Ndani kuna chip ndogo, labda GB 16 ama 32, na kidude kimefundishwa kudanganya mashine eti kuna space ya 2TB. Utakopi, itakubali, utaona majina ya faili zote zimepangana. Lakini hiyo space ya ukweli ikiisha, zenye zinafuata zinatupwa ama zinaandikwa juu ya zingine. Unakuja kujua ukifungua video na haichezi. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inajaza flashi yote halafu inasoma tena kuona kama iliambiwa ukweli. Flashi yoyote mpya, pima kwanza. Muuzaji akikasirika ukimwambia utapima, jibu umepata.

Na hata flashi genuine ya bei ya chini huandika polepole, MB 8 kwa sekunde hivi. GB 60 hapo ni masaa mawili, na bado hujakopi kuingia mashine ya pili.

Sasa tuingie kwa kitu chenyewe. Mashine mbili zikiwa kwa nyumba moja hazihitaji intaneti kuongea. Ruta yako inafanya kazi mbili tofauti: inakuunganisha na nje, na inaunganisha vitu vya ndani. Hiyo ya ndani ni bure. Hata ukatiwe net juu hujalipa mwezi huu, ruta ikiwa na stima bado inaweza kupitisha faili kutoka lapi moja hadi ingine, na hakuna data inaliwa. Huna ruta? Washa hotspoti ya simu, uunganishe mashine zote mbili. Kwa simu nyingi za Android unaweza hata kuzima data kabisa na bado zitaonana.

Njia rahisi ya kutumia hii ni programu inaitwa LocalSend. Ni ya bure, haina matangazo, iko kwa Windows, Mac, Linux, Android na iPhone. Weka kwa mashine zote mbili, zitajiona zenyewe, chagua faili, tuma, upande ule ubonyeze kukubali. Kwa faili ya GB 2 ama 5 hii inatosha na story inaishia hapo.

Lakini kwa GB 60, Wi-Fi inachosha. Mashine zote mbili zinagawana hewa moja: kila kipande kinaruka kutoka lapi hadi ruta, halafu kinaruka tena hadi mashine ya pili. Ukiongeza jirani kumi kwa ploti wenye ruta zao, hesabu MB 10 kwa sekunde ukiwa na bahati. Hiyo ni saa moja na dakika 40, na ikikatika katikati unaanza upya.

Kile unataka ni waya. Waya ya etheneti, ile ya kichwa cha plastiki inaingia kwa ruta. Luthuli Avenue ziko kibao. Itisha yenye imeandikwa Cat 5e ama Cat 6, na usikubali ile haina maandishi. Ndani inafaa kuwa na nyaya nane zote zikifanya kazi. Zikifanya nne tu, spidi inashuka kutoka gigabiti moja hadi megabiti 100, yaani kutoka kama MB 110 kwa sekunde hadi kama 11. Kwa GB 60 hiyo ni tofauti ya dakika 9 na saa moja na nusu. Kama lapi yako ni zile nyembamba hazina tundu, nunua adapta ya USB, lakini iwe USB 3.0.

Chomeka upande mmoja kwa lapi, upande mwingine kwa ile mashine ya pili. Moja kwa moja, bila ruta. Kitambo ulikuwa unahitaji waya special ya kuvukisha, siku hizi mashine zinajipanga zenyewe. Zima Wi-Fi pande zote mbili ndio Windows isichanganyikiwe.

Halafu zipe anwani. Kwa mipangilio ya etheneti, IP ya mashine ya kwanza andika 192.168.50.1, ya pili 192.168.50.2, na subnet zote 255.255.255.0. Gateway wacha tupu. Hapo hapo, badilisha hiyo network iwe "Private" na uwashe "File sharing". Sasa kwa mashine yenye iko na video, bonyeza folda kulia, ingia "Properties", kisha "Sharing", uishee. Enda mashine ya pili, fungua folda yoyote, na pale juu kwa njia ya folda andika \\192.168.50.1 halafu Enter.

Itakuuliza jina na password. Hapa ndipo watu wengi wanakwama na kutupa waya. Inataka password ya mashine yenye iko na video, si ya hii umekalia. PIN ya kufungulia lapi haifanyi kazi hapa, ni password ya akaunti yenyewe. Na kama hiyo akaunti haina password kabisa, Windows itakukataza kuingia. Weka moja kwa muda, hata kama ni jina la paka.

Folda ikifunguka unaweza kukopi kawaida. Ila mimi ningekuambia utumie Robocopy, iko ndani ya Windows tayari. Fungua Command Prompt kwa mashine inayopokea, uandike:

robocopy \\192.168.50.1\Ruracio D:\Ruracio /E /Z /R:5 /W:5

Hiyo /E inabeba folda zote za ndani. Hiyo /Z ndio tamu: waya ikichomoka ama stima ipotee, ukiirudia inaendelea pale ilikuwa imefika. Zile mbili za mwisho zinaiambia ijaribu mara 5 na kungoja sekunde 5, juu bila hizo inaweza kujaribu mara milioni moja. Sikudanganyi, ndio namba walioweka.

Kabla ubonyeze Enter, lapi iwe kwa chaja na uzime ile kitu ya kulala ikikaa. Ukifunga kifuniko ukienda kununua smokie, utapata imelala na kazi imesimama.

Kitu kingine: kopi, usikati. Wacha zile za kwanza kwa lapi ya beste yako, na kadi ya kamera isifomatiwe bado, hata kama ana kazi nyingine kesho. Atumie kadi ingine. Kwanza hakikisha faili zimefika zikiwa nzima, na kuona jina na saizi haitoshi. Kwa kila mashine andika:

certutil -hashfile D:\Ruracio\video1.mp4 SHA256

Utapewa msururu mrefu wa herufi na namba. Zikifanana pande zote mbili, hiyo faili ni ile ile mpaka biti ya mwisho. Zikitofautiana hata herufi moja, rudia kukopi hiyo faili. Ukiwa na video nyingi fanya na zile kubwa kwanza: za familia kuingia, za wazee wakiongea, zenye huwezi kupata mahali pengine.

Ikishaisha, zima sharing ya hiyo folda, hasa kama unaishi hosteli na Wi-Fi ni ya watu mia. Na urudishe mipangilio ya IP kuwa "Automatic", la sivyo siku utachomeka waya kwa ruta utakuta net haishiki na uanze kupigia kampuni simu bure.