Sinia la Nani? Muda wa Kuishi wa Vitu Ndani ya Programu

Ukifungua akaunti yako ukakuta taarifa za mtu mwingine, usikimbilie kuwalaumu wadukuzi. Huenda ni kitu kimoja ndani ya programu kilichoishi kupita muda wake.

Katika ASP.NET Core, mfumo wa Microsoft wa kujengea tovuti uliotoka mwaka 2016, mwandishi wa programu huorodhesha vitu anavyovihitaji, kisha kontena huviunda, huvigawa na kuviondoa. Kazi ya mwandishi ni kuchagua muda wa kuishi, nao ni wa aina 3.

Fikirieni harusi ya kwetu. Sufuria la biriani ni moja kwa wageni wote, mwanzo hadi mwisho: hiyo ndiyo Singleton. Kila kundi huletewa sinia lake. Likiinuka, sinia huondolewa na kundi linalofuata hupata jingine safi. Hiyo ni Scoped, na kwa tovuti kundi ni ombi moja. Tishu hutolewa mpya kila inapotakiwa: Transient.

Balaa huanza Singleton inaposhika kitu cha Scoped. Ni kama mpishi kung'ang'ania sinia la kundi la kwanza na kuwapakulia wote humo humo. Mark Seemann alikifananisha kitu kama hicho na mateka. Kikiwa kimebeba utambulisho wa mtumiaji wa kwanza, wa pili anaweza kuonyeshwa mambo ya mwenzake. Kikiwa DbContext, kinachozungumza na hifadhidata, hubaki na kumbukumbu za zamani, na maombi mawili yakikitumia kwa wakati mmoja hugongana.

Kontena hulikamata kosa hili na kukataa kuendelea, lakini kwa kawaida hukagua katika mazingira ya Development tu. Tovuti ikishaingia kazini, ukaguzi huzimwa, na kosa hupita kimya.

Dawa ipo. Huduma inayofanya kazi nyuma ya pazia, ambayo huishi kama Singleton, isiombe DbContext moja kwa moja. Iombe IServiceScopeFactory, ifungue eneo jipya kwa CreateScope kwa kila kazi, na ilifunge ikimaliza. Eneo likifungwa, vyote vilivyoundwa humo huondolewa.

Kanuni ni fupi: mwenye maisha marefu asimshike mwenye maisha mafupi. Kabla ya kukabidhi mradi wako wa mwaka wa mwisho, pitia kila kitu ulichokiorodhesha na ujiulize: hili ni sinia la nani, na litaondolewa lini?