Baraza la Askofu wa Hippo

Wakristo wakigombana juu ya shamba, deni au fedha za kanisa, waende wapi? Swali hili ni la zamani. Mtume Paulo aliwakemea Wakristo wa Korintho kwa sababu walikuwa wakishtakiana mbele ya mahakimu wasioamini, kana kwamba kwao hakuna mwenye hekima. Na Injili ya Mathayo yaonyesha njia: kwanza aliyekosewa amwendee mwenzake faraghani, asiposikilizwa, arudi pamoja na mtu mmoja au wawili, ikishindikana tena, ndipo kanisa liambiwe.

Watu wengi huchanganya msuluhishi na mwamuzi. Msuluhishi hana amri. Huketi kati ya wagomvi, huwasikiliza, na huwasaidia mpaka wapatane wao wenyewe. Wasipopatana, kazi yake imekwisha. Mwamuzi hukata shauri, nao hufungwa na neno lake. Lakini nguvu zake zatoka wapi, naye hana askari wala gereza? Zatoka katika ahadi waliyoitoa wote wawili kabla ya shauri kuanza, ya kwamba watayapokea atakayoamua, yawe matamu au machungu. Kwa hiyo mashirika mengine ya Kikristo siku hizi huandika sharti hilo katika mikataba yao ya kazi, wakati watu wangali wanapendana. Wizi na kumdhuru mtu ni habari nyingine. Hayo ni ya serikali, na kuyafunika kwa jina la upatanisho ni kumdhulumu aliyeumizwa mara ya pili.

Ahadi hiyo ilipata kusahauliwa. Kaisari Konstantino aliruhusu mwaka 318 mashauri yapelekwe kwa askofu, na mwaka 333 akazidi: mmoja akimtaka askofu, wa pili alilazimika kumfuata, apende asipende. Suluhu ya kuburutwa si suluhu. Sheria za mwaka 398 na 408 zikataka tena wote wawili wakubali.

Siku hizo Augustino alikuwa askofu wa Hippo, mji wa pwani ya Afrika ya Kaskazini. Mahali pake leo ni Annaba, katika nchi ya Algeria. Rafiki yake Possidius, aliyeandika habari za maisha yake, asema kwamba aliketi kusikiliza mashauri tangu asubuhi mpaka saa ya kula, na pengine kutwa nzima bila kutia kitu kinywani. Waliletwa mbele yake wenye ugomvi wa dhahabu, wa mashamba, wa mifugo. Alipenda kuamua kati ya watu asiowajua kuliko kati ya rafiki zake. Kwa wageni wawili, atakayepewa haki huwa rafiki mpya. Kwa rafiki wawili, atakayeshindwa hupotea. Kazi hiyo ilimchosha sana, hata akaandika kwamba afadhali angefanya kazi ya mikono kila siku kwa saa zake kuliko kuchukua fujo za magomvi ya watu.

Yapata mwaka 404 ugomvi ukazuka nyumbani mwake mwenyewe. Kasisi Bonifasi na Spes, mmoja wa watawa, walishtakiana neno zito la aibu, wala hapakuwa na shahidi. Augustino hakuona njia ya kuujua ukweli. Hata hivyo hakuthubutu kulifuta jina la Bonifasi katika orodha ya makasisi, maana kumfuta mtu ambaye kosa lake halijathibitika ni kumhukumu. Akawafunga wote wawili kwa mapatano ya kwamba wavuke bahari mpaka Nola, katika Italia, kwenye kaburi la Mtakatifu Felix, mahali palipoogopwa sana na waongo, ili Mungu mwenyewe aufunue ukweli. Bonifasi alikuwa na haki ya kuchukua barua ya kumtambulisha kuwa kasisi, apate heshima ugenini. Akakubali kwenda bila barua hiyo, ili huko wasikojulikana yeye na mshtaki wake wawe sawa.