Shina la ubongo: Sehemu ndogo inayoshikilia pumzi ya binadamu

MTU anapozimia ghafla, wengi hukimbilia kuweka mkono kifuani mwake ili kuona kama moyo bado unadunda. Ni desturi ya siku nyingi kuuhesabu moyo kuwa ndio makao ya uhai. Hata hivyo, elimu ya tiba imebainisha kwamba ipo sehemu nyingine, ndogo kuliko moyo na isiyosikika kwa mkono, ambayo ikiharibika kabisa mwili hauwezi kuvuta hata pumzi moja kwa nguvu zake wenyewe. Sehemu hiyo ni shina la ubongo.

Shina la ubongo lina urefu wa sentimita 7 hivi na unene unaokaribia ule wa kidole gumba. Limejificha chini ya ubongo mkubwa, nyuma ya koo na juu kidogo ya kisogo, nalo hupita katika tundu lililo chini ya fuvu na kuungana na ugwe mgongo, yaani uzi wa neva unaoteremka ndani ya uti wa mgongo. Kila amri inayotoka ubongoni kwenda mikononi na miguuni hupita hapo, na karibu kila habari ya maumivu, joto au mguso kutoka mwilini hupandia njia hiyo hiyo. Aidha, kati ya jozi 12 za neva zinazotoka ubongoni moja kwa moja, jozi 10 huanzia katika shina hili.

Sehemu zake tatu

Wataalamu huligawa shina la ubongo katika sehemu tatu. Ya juu ni ubongo wa kati, ambao huongoza miondoko ya macho na kuzifanya mboni zisinyae mbele ya mwanga. Humo pia ndimo zilimo chembe zinazotengeneza dopamini; zinapokufa kwa wingi, mtu hupatwa na ugonjwa wa Parkinson, unaomfanya atetemeke na kukakamaa.

Sehemu ya pili ni ponsi, neno la Kilatini lenye maana ya daraja. Jina hilo linaistahili, kwani nyuzi zake huunganisha ubongo mkubwa na ubongo mdogo ulio kisogoni, unaosimamia uwiano wa mwili. Neva za uso, za kutafuna na za kugeuza macho pembeni nazo huanzia hapo.

Ya chini kabisa ni medula. Humo ndimo nyuzi nyingi zinazobeba amri za misuli hupishana, za kulia zikaenda kushoto na za kushoto zikaenda kulia. Ndiyo sababu mtu aliyepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo hupooza mkono na mguu wa kushoto. Medula pia huongoza kumeza, kukohoa, kupiga chafya na kutapika, na hurekebisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Kwa nini pumzi haisahauliki

Moyo una chembe zake zinazoanzisha mapigo, hivyo unaweza kuendelea kudunda kwa muda hata bila amri ya ubongo. Mapafu hayana uwezo huo. Diaframu, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hukaa kimya mpaka ipokee ishara kutoka medula. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, awe macho au usingizini, bila kukumbushwa.

Medula hupima kiasi cha hewa ya kaboni dioksaidi katika damu. Ikizidi, huamuru pumzi ziongezeke. Ndiyo maana mtu akijizuia kupumua kwa makusudi, hufika wakati ambapo hawezi tena kushindana na kifua chake.

Umuhimu wa kazi hiyo ulidhihirika mwaka 1952 mjini Copenhagen, Denmark, ulipozuka ugonjwa wa polio ulioshambulia medula na neva za kupumua. Daktari Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa watobolewe koo na kupulizwa hewa kwa mfuko unaobanwa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana usiku na mchana kuibana mifuko hiyo, na idadi ya vifo ikapungua sana. Kutokana na kazi hiyo vilizaliwa vyumba vya wagonjwa mahututi tunavyovijua leo.

Kuamka, kulala na jinamizi

Ndani ya shina la ubongo mna mtandao wa neva unaoufanya ubongo mkubwa uwe macho. Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun waliuonyesha mwaka 1949 kwa majaribio ya paka: mtandao huo ulipochochewa kwa umeme, mawimbi ya ubongo wa mnyama yalibadilika na kuwa ya aliyeamka. Ukiharibika, mtu huzama katika koma hata kama ubongo mkubwa haujaguswa.

Shina hilo hilo hulinda usingizi. Katika hatua ya usingizi yenye ndoto nyingi, ponsi na medula huzima misuli mingi ya mwili ili mlalaji asiinuke na kutenda anayoyaota. Fahamu ikirejea kabla ya amri hiyo kuondolewa, mtu hujikuta ameamka lakini hawezi kunyanyua hata kidole, na pengine huhisi ameketiwa kifuani. Hilo ndilo jinamizi ambalo wengi hulihusisha na uchawi. Hudumu kwa muda mfupi, kisha mwili hufunguka wenyewe.

Shina linapopata hitilafu

Damu ya sehemu hii hupitia hasa katika mshipa mmoja unaopanda mbele ya ponsi. Ukiziba, hutokea kiharusi kisichofanana na kile kilichozoeleka cha kulegea upande mmoja. Mgonjwa anaweza kupata kizunguzungu cha ghafla, kuona kitu kimoja kuwa viwili, kuyumba, kutapika, kupaliwa na kuzungumza kwa ulimi mzito. Hatari yake ni kwamba anayemtazama anaweza kudhani amelewa, akamwacha alale.

Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle nchini Ufaransa, alipata kiharusi cha namna hiyo Desemba 1995. Alipozinduka, alikuwa na akili timamu ndani ya mwili usiosogea. Ponsi ilikuwa imekatika kama daraja lililosombwa na mafuriko, lakini ubongo wa kati ulibaki mzima, naye akaweza kupepesa kope ya jicho la kushoto. Msaidizi alimsomea herufi moja baada ya nyingine, naye akapepesa alipofikiwa na aliyoitaka, hadi kitabu kizima kikakamilika. Kilichapishwa Machi 1997, siku chache kabla hajafariki. Habari zake zinatufundisha kwamba mgonjwa asiyejibu huenda anasikia yote yanayosemwa kando ya kitanda chake.

Hatari nyingine ni jeraha la kichwa. Fuvu ni sanduku gumu lisilotanuka. Damu ikivuja ndani yake, ubongo husukumwa chini na kulibana shina. Abiria wa bodaboda aliyeanguka anaweza kusimama, akajipangusa vumbi na kusema yu mzima, kisha baada ya saa chache akaanza kusinzia, kutapika au kuumwa kichwa kwa ukali. Mboni moja ikipanuka kuliko nyingine, huenda neva inayotoka katika ubongo wa kati imekwisha kubanwa. Kwa sababu hiyo madaktari humulika macho ya majeruhi kwa tochi.

Vilevile heroini, iitwayo mitaani unga, na dawa nyingine za jamii ya afyuni huipumbaza medula. Aliyezidisha kipimo hufa kwa sababu pumzi zake hupungua hadi zikakoma, na hatari huongezeka anapochanganya na pombe. Dawa ya naloksoni, ikitolewa mapema, huweza kuirudisha pumzi hiyo.

Pale shina linapokufa

Mashine ya kupumulia imeleta swali zito kwa familia nyingi: mgonjwa ana joto, moyo unadunda, lakini daktari anasema ubongo umekufa. Nchini Uingereza, vyuo vya kifalme vya fani za udaktari viliweka mwaka 1976 vigezo vya kuthibitisha kifo cha shina la ubongo. Madaktari hutazama kama mboni zinajibu mwanga, kama jicho likiguswa linafumba, na kama mgonjwa anakohoa koo linapochokozwa. Mwishowe mashine huondolewa kwa dakika kadhaa huku akipewa oksijeni, ili kaboni dioksaidi ipande. Kifua kisiponyanyuka hata mara moja, medula imekwisha kufa. Hali hiyo ni tofauti na koma, kwani mgonjwa wa koma anaweza kuzinduka.

La kufanya

Kinga kubwa ya kiharusi ni kupima shinikizo la damu mara kwa mara, na aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kuwa tu anajisikia nafuu. Kofia ngumu iliyofungwa barabara kidevuni huepusha majeraha mengi ya kichwa.

Ukimkuta mtu amepoteza fahamu lakini anapumua, na hakuna dalili kwamba ameumia shingo, mlaze ubavu ili matapishi yasiingie mapafuni. Usimpe maji wala chakula, kwa kuwa huenda hawezi kumeza. Mwenye dalili za kiharusi afikishwe hospitali bila kuchelewa, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Aliyeanguka na kugonga kichwa asiachwe alale peke yake usiku huo. Aangaliwe, aamshwe na kuulizwa jina lake, na akishindwa kujibu sawasawa apelekwe kwa daktari mara moja.