Asidi ya Foliki: Wachumba Waelezwe Mapema

Katika mafundisho ya ndoa, wachumba huelezwa juu ya sakramenti, uaminifu na malezi ya watoto. Tunapendekeza liongezwe jambo moja linalogusa uhai wa mtoto kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito: vitamini B9. Kwenye vyakula huitwa foleti. Kwenye vidonge, asidi ya foliki.

Mwili huihitaji vitamini hii ili kutengeneza damu na chembe hai mpya. Mwaka 1931, daktari Mwingereza Lucy Wills alionesha kuwa wajawazito wenye upungufu wa damu huko Bombay, India, walipata nafuu kwa kula dondoo la hamira. Baadaye ilijulikana kuwa kilichowasaidia ni foleti.

Kazi yake nyingine ni kumkinga mtoto. Sehemu inayokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Isipofunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, ambao mara nyingi huambatana na kichwa kikubwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 1991 ulihusu akina mama waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo: waliotumia asidi ya foliki kabla ya mimba walipunguza hatari ya tatizo kujirudia kwa asilimia 72.

Basi, vidonge vinavyoanzwa kliniki mimba ikiwa na miezi minne husaidia damu, lakini kwa mgongo vimechelewa. Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 kila siku, tangu mama anapopanga kupata mimba hadi wiki ya 12. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji kiasi kikubwa zaidi, kwa maelekezo ya daktari.

Mezani, foleti hupatikana katika mchicha, majani ya kunde, maharage, choroko, parachichi na machungwa. Mboga zisichemshwe muda mrefu wala maji yake kumwagwa. Unga ulioongezwa virutubishi nao husaidia, ingawa chakula peke yake hakichukui nafasi ya kidonge.

Si kila mgongo wazi unatokana na upungufu huu, na hakuna unaotokana na laana au uchawi. Mtoto akizaliwa hivyo, apelekwe hospitali mara moja, na sisi jumuiya tuwasindikize wazazi wake bila kuwalaumu.