Uhalisia Pepe, Hofu Halisi: Tiba kwa Watoto Wenye Usonji na Mtindio wa Ubongo

Utangulizi

Wahenga walilonga kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii huchukulia kwamba hofu ina chanzo kinachojulikana. Hata hivyo, wapo watoto wanaoshtuka bila ya kuwahi kuumwa. Kwa baadhi ya watoto wenye usonji, njiwa anayeruka au basi lililojaa abiria hutosha kuwafanya wakatae katakata kutoka nyumbani. Hofu hiyo huwanyima masomo na michezo, na aghalabu hufunga mlango kwa familia nzima. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi uhalisia pepe unavyotumiwa kuwasaidia watoto wa aina hii, pamoja na wale wenye mtindio wa ubongo.

Dhana ya uhalisia pepe

Neno pepe limezoeleka kutokana na barua pepe. Katika uhalisia pepe, kompyuta huunda mandhari yanayomzunguka mtu na kubadilika kadiri anavyogeuka au kusogea. Mnamo mwaka wa 1968, Ivan Sutherland wa Marekani alionyesha chombo cha kuvaliwa kichwani ambacho mitambo yake ilining'inizwa kutoka darini. Vya leo huvaliwa mithili ya miwani mikubwa. Ikumbukwe kwamba kilicho pepe hapa ni mandhari tu. Moyo unaodunda kwa hofu na mkono unaojinyoosha ni halisi, na hapo ndipo tiba inapopata nguvu zake.

Matumizi kwa watoto wenye usonji

Mwaka wa 1996, Dorothy Strickland na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watoto wawili wenye usonji. Ndani ya barabara ya kompyuta, watoto hao walitambua magari yaliyopita pamoja na rangi zake. Faida yake ni bayana: katika barabara pepe, mtoto anaweza kukosea mara kumi asigongwe hata mara moja.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walipiga hatua zaidi. Tiba ya kawaida ya hofu humtaka mgonjwa avute picha akilini ya kile anachokiogopa, jambo ambalo ni gumu kwa watoto wengi wenye usonji. Badala yake, mtoto aliingizwa katika chumba ambacho kuta zake zilionyesha mandhari hayo pande zote, bila ya kuvaa chochote kichwani. Kwanza alifunzwa kutuliza pumzi na mwili. Kisha, akiwa na mtaalamu kando yake, alianza na basi tupu, abiria wakaongezwa kidogo kidogo kadiri alivyostahimili. Haba na haba, hujaza kibaba.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2014 yalihusu wavulana 9 wa umri wa miaka 7 hadi 13, waliopata vipindi 4 vya dakika 20 hadi 30. Wanane kati yao waliweza kukabiliana na hali walizoziogopa, na 4 waliondokewa na hofu hiyo kabisa. Utafiti mpana zaidi wa mwaka wa 2019, uliohusisha watoto 32, ulitoa sura ya wastani: baada ya miezi 6, walioonyesha nafuu hawakufika nusu ya waliotibiwa.

Matumizi kwa watoto wenye mtindio wa ubongo

Mtindio wa ubongo huathiri mwendo wa viungo. Mazoezi yake hurudiwa mara nyingi mno, na mtoto huchoka upesi. Uhalisia pepe hugeuza mazoezi hayo kuwa mchezo: kamera humnasa mtoto, naye hujiona kwenye skrini akidaka mpira kwa mkono ulio dhaifu. Mwaka wa 2005, Sung You na wenzake walieleza habari za mtoto wa miaka 8 aliyefanya hivyo saa moja kwa siku, siku 5 kwa juma, kwa majuma 4. Si kwamba mkono ulipata wepesi wa kufikia vitu, kula na kuvaa tu. Picha za ubongo nazo zilionyesha mabadiliko katika sehemu zinazouongoza mkono huo. Hata hivyo, huyo alikuwa mtoto mmoja tu.

Mipaka ya tiba

Aidha, baadhi ya watoto hupata kizunguzungu, na wengine wenye usonji hawavumilii chombo kinachobana kichwa. Isitoshe, mashine haimtibu mtoto peke yake. Ni mtaalamu anayesoma uso wa mtoto na kujua lini abiria mwingine aongezwe, na ni mzazi anayempeleka baadaye kwenye kituo cha basi la kweli.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba uhalisia pepe ni daraja, wala si makao. Mafanikio yake hayapimwi kwa utulivu wa mtoto ndani ya chumba cha picha, bali kwa siku ile atakapopanda basi, akaketi miongoni mwa abiria, na kufika aendako.